Thorgils wa Pili

Vichupa vitatu mezani, jikoni kwangu,
mjini Ísafjörður, Januari, saa nne asubuhi na giza halijang'oka.
Nimevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine,
maana herufi za lebo ziliandikwa na mtu
asiyetarajia kufika miaka sabini na moja.

Cha kwanza, mafuta ya ini la chewa.
Huyu namjua. Alikuja na kijiko cha mama,
kijiko kimoja, watoto sita, foleni kwa urefu,
na atakayetema hurudia.
Cha pili kimetoka kwenye mwani, hakina shombo,
umekuzwa ndani ya mapipa, asema Arnkell wa famasia,
kijana wa adabu, huniita bibi kabla sijalipa na hata nikishalipa.
Cha tatu mgeni: kaboni kumi na tano,
witiri katikati ya jamaa zake wa shufwa,
bei yake mara tatu, ahadi zake mara kumi.

Dada yangu Steinvör kapiga simu toka Akureyri:
"Chukua cha tatu, Hallbera! Kinarudisha seli ujanani."
Nikamwuliza, seli zipi? Hizi za goti,
au zile zilizosahau Novemba nilipoweka ufunguo wa gari?
"Wewe kila kitu hesabu," akasema.
Ndiyo. Miaka thelathini na minane nimefundisha hesabu;
kustaafu hakutoi chaki kwenye kucha.

Basi penseli. Nagawanya krona kwa miligramu.
Cha ini kimebeba vitamini, nayo vitamini ikizidi huumiza.
Cha mwani kina asidi zilezile mbili za samaki,
kwani samaki naye hakuzizua, alizikuta mwanini;
sote twala kwenye sahani ya mwingine.
Cha tatu ushahidi wake bado mchanga.
Kina matumaini, kama mtahiniwa aliyekuja na kalamu nne.
Daktari kasema mafuta ya damu yangu yamepanda,
kasema dozi kubwa nayo huweza kuvuruga mpigo wa moyo,
kasema tembea, punguza chumvi, urudi Machi.

Machi.

Thorgils alikunywa mafuta ya chewa miaka arobaini na miwili,
kila asubuhi, amesimama, bila kukunja uso,
na tarehe tisa Machi moyo ukamwachia kwenye ngazi ya nne,
mkononi mfuko wa viazi.
Steinvör husema: unaona, hayakumsaidia.
Mwanangu Ketill husema: bila hayo angekufa na hamsini.
Nami, mwalimu, naomba niletewe Thorgils wa pili,
baba yuleyule, soksi zilezile, viazi vilevile,
hasira ileile akishindwa karata,
ila huyu asiwe ameonja hata tone.
Niwasimamishe bega kwa bega. Nihesabu.

Hayupo.
Watu elfu waweza kupimwa, nusu kwa nusu,
na jibu lao ni la kweli, nalisoma, naliheshimu.
Lakini mume hutolewa nakala moja,
na hiyo moja haina ya kulinganishia.

Saa saba mchana. Leo jua linarudi.
Miezi miwili mlima umelikalia,
sasa kipande kimeangukia paa la posta, chembamba,
na mtaa mzima unakaanga chapati za maji kulipokea.
Siagi inachuruzika sahanini. Ndani yake, kiduchu,
zimo kaboni kumi na tano, hazina lebo, hazina ahadi.
Ketill atakuja kula, ataacha viatu mlangoni kama baba yake, kimoja chali.

Cha tatu nakirudisha kwa Arnkell, na risiti.
Cha mwani nitakimeza hadi Machi, tuone damu itasemaje;
hilo la hesabu.

Cha ini nakifungua kwa sababu nyingine.
Namimina kijiko kimoja. Nasimama alipokuwa akisimama,
kati ya sinki na dirisha.
Nakunywa.
Nakunja uso, kwa ajili yetu wawili.